Kinundu Chekundu na Tachipadi: Nani Alikifunza Kidole?

Hati ya kiapo haitaki mzaha. Mpigaji chapa anaweza kuwa ameshafika aya ya sita, macho yakiwa kwenye karatasi ya mwandiko iliyolala kando, vidole vikikimbia bila kuangaliwa, kumbe kiganja kimegusa kidogo tu lile bamba laini lililo chini ya kibodi. Mshale unaruka. Anapoinua macho, nusu ya sentensi imejichomeka katikati ya jina la mlalamishi. Anafuta, anasonya, anarudia.

Katika mji kama Kithimani hilo si jambo dogo. Soko hili la barabara ya Thika–Garissa, katika eneo la Yatta, Kaunti ya Machakos, lina mahakama yake, na penye mahakama hapakosi kazi ya kupiga chapa. Machi 2024 Idara ya Mahakama ilieneza nchi nzima mfumo wa kuwasilisha kesi kwa mtandao, kwa hivyo hata mgogoro wa mpaka wa shamba sasa sharti upitie kwenye kompyuta ya mtu fulani. Ongeza walimu na alama za wanafunzi, wenye maduka wanaokimbizana na Juni 30 kuwasilisha ritani za mamlaka ya ushuru, KRA, na vijana wanaotafuta nafasi za vyuo kupitia KUCCPS. Wapo pia wakulima wanaonyunyizia mashamba maji ya Mfereji wa Yatta, ule uliochimbwa miaka ya 1950 kwa jasho la wafungwa wa vita vya Mau Mau. Anayetaka michiri yake, yale maharagwe mabichi ya maganda, ifike Ulaya lazima aweke kumbukumbu ya kila dawa aliyoipiga. Wote hao, wapende wasipende, wana shughuli na mshale wa skrini.

Na wengi wao huusukuma mshale huo kwa kifaa ambacho hawakukichagua. Laptopu ya mji mdogo wa Kenya aghalabu ni ya mtumba, ile inayouzwa Nairobi kwenye maduka ya Luthuli Avenue na Moi Avenue kwa jina la "ex-UK". Ilianza maisha katika ofisi ya ng'ambo, ikatumika miaka mitatu au minne, ofisi ikanunua mpya, nayo ikafutwa vumbi na kupakiwa kwa safari. Ndiyo maana mikononi mwa watu zimejaa HP EliteBook, Dell Latitude na Lenovo ThinkPad, mashine zilizotengenezewa makarani na wahasibu kuliko wanafunzi na wacheza michezo. Nyingi kati ya hizo zina vifaa viwili vya kusogezea mshale: tachipadi chini, na kinundu cha mpira kilichobanwa kati ya herufi G, H na B. Kwenye ThinkPad kinundu hicho ni chekundu. Wanunuzi wengi hukiona kama pambo. Wengine hudhani ni kifuniko cha tundu fulani.

Si pambo. Kinundu kina historia ndefu na sababu iliyofikiriwa kwa makini kuliko kitu kingine chochote kwenye kibodi hiyo.

Mwaka 1984 mtafiti Mmarekani Ted Selker alikutana na matokeo ya utafiti yaliyosema kwamba mkono huchukua robo tatu ya sekunde kutoka kwenye kibodi hadi kwenye kipanya, na karibu muda uleule kurudi. Robo tatu ya sekunde haionekani kuwa kitu. Lakini mtu anayehama mara 1,000 kwa siku, kwenda na kurudi, atakuwa amepoteza dakika 25 akipunga mkono hewani. Selker akajiuliza kwa nini kifaa cha kusogeza mshale kisiwekwe palepale vidole vilipo. Alipoingia IBM akaifanyia kazi fikra hiyo na mwenzake Joseph Rutledge, wakijaribu maumbo na mahali tofauti kwa miaka kadhaa, na Oktoba 1992 kinundu kikaingia sokoni kwenye ThinkPad 700C kwa jina la TrackPoint II. Rangi yenyewe ilileta ubishi. Ndani ya IBM wekundu ulikuwa umetengewa vitufe vya kuzima mitambo wakati wa dharura. Kikundi cha mbunifu Richard Sapper kikaiandikisha rangi yao kuwa magenta, kisha kikapata kinundu chekundu kilichokitaka. Ujanja huo ungeeleweka vizuri sana katika ofisi yoyote ya Kenya.

Kinavyofanya kazi ni rahisi kuelezeka. Kinundu chenyewe hakiendi popote. Chini yake kuna vihisi vinavyopima nguvu ya kidole: ukikisukuma kidogo mshale unatambaa, ukikisukuma kwa nguvu unakimbia. Kidole cha shahada kinakiegemea, kidole gumba kinabofya vitufe vilivyo chini ya kitufe cha nafasi, na mikono haijaondoka mahali pake. Ukishikilia kitufe cha kati huku ukisukuma kinundu, ukurasa unapanda na kushuka. Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Hapa kimoja kinatosha.

Kina kasoro yake pia, na mwenye kuinunua mashine bila kuijua atadhani amepigwa. Mshale wakati mwingine huanza kutembea wenyewe kuelekea pembeni ya skrini. Hutokea hasa kidole kikikaa juu ya kinundu muda mrefu, maana vihisi hupoteza hesabu ya mahali pa kutulia. Dawa ni kuondoa kidole kabisa kwa sekunde chache, kifaa kijipime upya. Anayezidi kupambana nacho ndiye anayezidisha tatizo. Kuna jambo lingine la kichwa chenyewe cha mpira: kikitumika sana hulainika na kuteleza, na kukibadilisha ni kazi ya kuchomoa na kuchomeka, lakini vichwa havilingani. ThinkPad zilivyozidi kuwa nyembamba, vichwa vikafupishwa, kwa hiyo kile kilichochomolewa kwenye mashine ya zamani kinaweza kusimama juu mno kwenye ile mpya na kuacha alama kwenye skrini inapofungwa.

Kabla tachipadi haijashika soko, viwanda vilijaribu vituko vingi. Apple, kwenye PowerBook zake za Oktoba 1991, iliweka kimpira cha kuviringisha katikati ya sehemu ya kupumzishia viganja. Compaq, kwenye LTE Lite ya mwaka 1992, ilikipachika kimpira kwenye ukingo wa skrini. HP, mwaka 1993, ikatoa OmniBook 300 yenye kipanya kidogo kinachochomoza ubavuni kwa mkono wake. Kimpira kilikuwa kitamu kutumia. Tatizo lake lilikuwa uchafu, kwani nyuzi na vumbi vilijikusanya kwenye magurudumu yaliyo chini yake na ilibidi kukifungua na kukisafisha kila mara. Kwa mji unaopitiwa na malori ya Garissa, ambako miezi ya kiangazi kitambaa cha kupangusia meza hakikosi kazi, kimpira hakingefika mbali.

Tachipadi ilipata nguvu kwa sababu haina kinachosogea. Chini ya bamba lake kuna mtandao wa nyaya nyembamba zenye chaji ya umeme, na kidole kinapokaribia, chaji hiyo hubadilika pale kilipo. Mashine hupima mabadiliko hayo mara nyingi kila sekunde na kukokotoa kitovu cha kidole. Laptopu ya Gavilan ya mwaka 1983 tayari ilikuwa na bamba la kugusa juu ya kibodi, lakini aliyeipa tachipadi umbo tunalolijua ni George Gerpheide, mwanzilishi wa kampuni ya Cirque huko Utah, na Apple ndiyo iliyoipeleka mbele kwenye PowerBook 500 za Mei 1994. Kampuni nyingine iliyotajirika nayo, Synaptics, ilianzishwa mwaka 1986 na Federico Faggin na Carver Mead. Faggin huyo ndiye aliyeongoza usanifu wa Intel 4004, chipu iliyofungua njia ya kompyuta ndogo zote. Kisha vidole viwili na vitatu vikaruhusiwa. Wayne Westerman na John Elias wa Chuo Kikuu cha Delaware walitengeneza mabamba ya kugusa kwa vidole vingi kupitia kampuni yao, FingerWorks. Apple ikainunua mwaka 2005, na kufikia 2008 MacBook Air ilikuwa ikipanua picha kwa vidole viwili. Mwaka 2015 Apple ikaondoa hata kubonyea kwenyewe: bamba halishuki, linatetema tu chini ya kidole kikadhani kimebofya. Anayenunua MacBook ya mtumba ya kuanzia hapo asishtuke ikiwa imezimwa na bamba liko kimya kama jiwe. Ndivyo lilivyo bila umeme.

Sasa, kipi bora? Wataalamu wamepima, na majibu yao yana mchezo. Mwaka 1999 Sarah Douglas, Arthur Kirkpatrick na Scott MacKenzie walichapisha jaribio lililolinganisha tachipadi na kijiti cha kidole, yaani kifaa cha jamii ya kinundu. Katika zoezi la kuelekeza mshale pande zote, kijiti kiliipita tachipadi kwa asilimia 27. Watumiaji walipoulizwa kuhusu starehe, hawakuona tofauti kubwa, ila kwamba kijiti kinadai nguvu zaidi kidogo. Miaka miwili baadaye MacKenzie huyohuyo, pamoja na wenzake wawili, akapima vifaa vinne na kupata picha nyingine: kipanya biti 4.9 kwa sekunde (kipimo kinachojumlisha kasi na usahihi), kimpira 3.0, tachipadi 2.9, na kijiti kikaja mwisho kwa 1.8. Vifaa vilivyopimwa havikuwa vilevile, wala watu, na mtu ambaye kidole chake hakijazoea kijiti huaibika nacho dakika za mwanzo. Jambo moja tu halina ubishi: kipanya cha kawaida, kile cha waya, kinaviacha mbali vyote vilivyojengwa ndani. Mwenye saiba anayeweka kipanya kwenye kila mashine, hata kama laptopu ina vifaa viwili vyake, hajakosea hesabu.

Lakini majaribio hayo yalifanywa maabara, na maabara haina vumbi wala mikono ya jembe.

Tachipadi inategemea ngozi. Kidole chenye maji huichanganya, na mtu aliyetoka kunawa akaja kuchapa ataona mshale ukirukaruka. Kidole kilichokauka na kuota sugu nacho huweza kuonekana hafifu mno kwa vihisi, kiasi kwamba mkulima anagonga mara tatu ndipo mashine inamsikia. Kinundu hakijali. Kinapima nguvu tu, na nguvu ya kidole cha mchimba mitaro si haba. Ni jambo la kuchekesha kidogo kwamba kifaa kilichobuniwa kwa ajili ya makarani wa ofisi zenye mazulia kinamfaa pia mtu aliyetoka kupalilia michiri.

Kisha kuna umeme. Chaja za bei nafuu zisizo na waya wa ardhi, au soketi ambayo fundi wake hakujishughulisha na ardhi, huingiza kelele za umeme kwenye bodi ya laptopu, nazo kelele hizo huingia moja kwa moja kwenye kifaa kinachotegemea kupima chaji ndogondogo. Mshale hutetemeka, hubofya wenyewe, hufungua vitu ambavyo hakuna aliyeviomba. Mwenye mashine huipeleka kwa fundi akilia kuhusu virusi. Fundi mzoefu huanza kwa kuchomoa chaja. Mshale ukitulia, virusi ni chaja.

Lalamiko jingine linalofanana na hilo ni la tachipadi iliyokufa ghafla. Kwenye baadhi ya HP za miaka ya 2010, kuligonga bamba mara mbili kwenye kona ya juu kushoto huizima, na taa ndogo huwaka hapo kuashiria hivyo. Mtoto akichezea, au mtu akigonga bila kujua, kifaa kinaonekana kimeharibika. Kugonga tena mara mbili hukifufua. Ni kazi ya sekunde mbili ambayo, kwa asiyejua, huweza kugharimu nauli ya kwenda na kurudi Thika.

La hatari ni bamba linaloinuka. Betri ya mtumba iliyochoka, hasa ikikaa kwenye joto na kuchomekwa kutwa, huvimba, na kwa kuwa kwenye laptopu nyingi nyembamba betri imelala chini ya sehemu ya viganja, uvimbe huo huisukuma tachipadi juu. Kwanza inakataa kubonyea, kisha upande mmoja unajitokeza. Wapo wanaoibana kwa gundi au kuikandamiza irudi. Betri ya aina hiyo ikitobolewa huweza kushika moto; inatolewa, haikandamizwi.

Hata hivyo vumbi, ngozi na umeme havielezi kwa nini watu wawili wanaokaa meza moja hugombania mashine tofauti. Jibu liko nyuma zaidi, kwenye siku kidole kilipofunzwa.

Waliosomea uhazili miaka ya taipureta, wakafanya mitihani ya kupiga chapa ya Baraza la Mitihani, KNEC, walifundishwa kuweka vidole kwenye mstari wa kati na kutoviondoa: kidole cha shahada cha kushoto juu ya F, cha kulia juu ya J. Kutoka J hadi kwenye kinundu ni hatua ndogo sana. Mpigaji chapa wa namna hii akionyeshwa kinundu kwa wiki moja hakiachi, kwa sababu kinaheshimu kile mikono yake inachokijua. Na hata ile hati ya kiapo inanusurika: anaizima tachipadi kabisa kwenye mipangilio, kiganja kikae kinapotaka, mshale usiruke.

Kijana aliyezaliwa baada ya 2000 alifunzwa na simu. Mwaka 2011 Safaricom ilipoanza kuuza Huawei Ideos kwa shilingi 8,000 hivi, skrini ya kugusa ilitoka kwa matajiri ikaingia kwenye mifuko ya watu wa kawaida. Tangu 2016 watoto wa shule za msingi za umma wakapokea vishikwambi vya mpango wa serikali, baadhi vikiwa vimeunganishwa katika chuo kikuu cha JKUAT, Juja. Kidole cha kizazi hiki kinajua kuburuza, kugonga na kubana picha. Kikiwekwa juu ya tachipadi kiko nyumbani. Kikiwekwa juu ya kinundu kinakisugua kama kinataka kukifuta, na mshale hauendi popote. Wala kijana huyo hapati faida ya ile robo tatu ya sekunde, kwa kuwa anachapa kwa vidole viwili na mikono yake haijawahi kuwa na mahali pa kurudi.

Kwa hiyo mabishano ya kinundu na tachipadi, ambayo mashabiki wa ThinkPad wameyaendesha kwa ukali wa siasa tangu miaka ya 1990, yanahusu mafunzo kuliko ufundi. Lenovo, walioinunua idara ya kompyuta ya IBM mwaka 2005, walilijua hilo kwa uchungu. Mwaka 2013, kwenye T440 na X240, waliviondoa vile vitufe vitatu vya kinundu na kuvificha ndani ya tachipadi moja kubwa. Waliozoea walipiga kelele hadi vitufe vikarudishwa mwaka 2015 kwenye T450 na X250. Mnunuzi wa mtumba anayewekewa X240 na X250 mezani kwa bei inayokaribiana, naye ni mtu wa kinundu, achukue ya pili bila kufikiri.

Chaguo hilo halitadumu milele. Windows 10 iliacha kuhudumiwa Oktoba 14, 2025, na Windows 11 haikubali rasmi mashine nyingi zenye chipu za Intel za kabla ya kizazi cha 8, hivyo ofisi za ng'ambo zina sababu mpya ya kumwaga laptopu zao. Miongoni mwa zitakazomwagwa bado kuna zenye kinundu. Nyuma yake mkondo unakauka: Dell imekuwa ikikiacha, na Januari 2025 Lenovo wenyewe walizindua ThinkPad X9 isiyo nacho. Mfululizo wa T unaendelea kukibeba. Lakini zile X9 zitakapomaliza miaka yake mitatu au minne kwenye madawati ya wenye nazo na kufika Luthuli Avenue, mpigaji chapa wa Kithimani atakuwa na kibodi nyeusi tupu kati ya G na H.

Kwa sasa, anayenunua ana la kufanya palepale kaunta kabla ya kutoa pesa. Afungue ukurasa wa kuandikia, aburuze kidole kutoka kona moja ya bamba hadi nyingine aone kama kuna mahali mshale unakwama. Achape aya nzima viganja vikiwa vimelala, aone kama maneno yanahama. Asukume kinundu pande zote nne kisha akiachie ahesabu hadi tano. Abofye vitufe vyote, pamoja na kile cha kati ambacho wauzaji wengi hawakijaribu. Achomeke chaja, arudie yote hayo. Mwisho aifunge mashine na kuitazama kwa ubavu, macho yakiwa usawa wa meza: ukingo ukionekana umefura upande wa viganja, aiache hapo hata kama bei imeshushwa.